Baada ya Kumvisha Mgeni Skafu

Aliyeishi Tanzania ameiona picha hii mara nyingi. Gari la mgeni rasmi linasimama, mlango unafunguliwa, na mtoto wa miaka 11 au 12 mwenye sare ya kaki anapiga hatua mbili mbele, anapiga saluti, anamvisha mgeni skafu shingoni. Mgeni anatabasamu, wapiga picha wanapata walichokifuata, mtoto anarudi nyuma hatua mbili. Kazi ya skauti kwa siku hiyo imekwisha. Kabla ya hapo yeye na wenzake walisimama juani saa mbili au tatu wakisubiri msafara, na baada ya hapo watasimama tena mpaka hotuba ziishe.

Nimekuwa mlezi wa kundi la skauti katika shule ya msingi kwa miaka mingi, na mistari hiyo nimeipanga mimi mwenyewe mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Skafu yenyewe sina ugomvi nayo. Mtoto anayeweza kusimama wima mbele ya mkuu wa mkoa bila magoti kutetemeka amepata kitu cha kumfaa. Kinachoniuma ni hotuba. Karibu kila mgeni huwaita watoto wale viongozi wa kesho, na miongoni mwao hakuna hata mmoja aliyeamua jambo lolote leo: si saa ya kufika, si nani amvishe mgeni, si hata mahali pa kwenda kunywa maji.

Na uskauti haukuanza hivyo. Tarehe 1 Agosti 1907, Robert Baden-Powell, jenerali wa jeshi la Uingereza, aliwapeleka wavulana wapatao 20 kupiga kambi Brownsea, kisiwa kidogo kilichomo katika bandari ya Poole, kusini mwa Uingereza. Baadhi yao walikuwa watoto wa shule za wenye nazo, wengine watoto wa wafanyakazi wa Poole na Bournemouth, na kwa desturi ya Uingereza ya wakati ule watoto hao hawakuwa wa kukaa meza moja. Aliwachanganya. Akawagawa katika vikosi vinne, kila kimoja na mvulana wake wa kukiongoza. Asubuhi waliamshwa kwa pembe ya tandala aliyoipata kwenye vita vya mwaka 1896 vya kuwatiisha Wandebele. Kikosi kidogo cha namna hiyo, watoto sita hadi wanane wanaokaa pamoja chini ya mwenzao, ndicho tunachokiita patroli mpaka leo.

Pembe ile inanikumbusha nisimpambe mzee huyu kupita kiasi. Imani yake kwa vijana ilikua wakati wa kuzingirwa kwa Mafeking, mji wa Afrika Kusini alioulinda dhidi ya Makaburu kwa siku 217 kuanzia Oktoba 1899, ambapo wavulana wa Kizungu wa mjini walipewa kazi ya kupeleka ujumbe na kulinda zamu, wakaifanya vizuri. Katika mji huohuo Waafrika walikufa kwa njaa, kwa kuwa mgao wa chakula ulipangwa kwa rangi ya ngozi. Sol Plaatje, mkalimani wa mahakama aliyekuwamo humo, aliandika shajara ya siku zile, na kila mlezi wa skauti barani Afrika angefaa kuisoma pamoja na vitabu vya Baden-Powell. Hata hivyo wazo la patroli ni zuri, na wazo zuri nalichukua hata kama aliyelileta ana deni.

Uzuri wake uanze na hesabu. Baden-Powell aliwahi kueleza kwamba yeye mwenyewe alimudu kuwalea vizuri wavulana 16, akawakadiria walezi wengine kuwa na uwezo maradufu ya wake, ndipo akapendekeza kundi lisizidi vijana 32. Kundi langu lina watoto 118, na mlezi mwenzangu ni mmoja. Walimu wengi wanaosoma haya wana hesabu kama hiyo au mbaya zaidi. Kuwasimamia watoto 118 kwa macho yako mawili hakuwezekani, kwa hiyo kinachobaki ni kwata: simama, geuka, piga saluti, pumzika. Kwata ndiyo njia pekee ya mtu mmoja kuwashughulisha watu mia bila kumjua hata mmoja. Lakini watoto 118 ni patroli 15. Watoto 15 naweza kuwajua. Naweza kujua nani hasemi kwamba kwao kuna mgonjwa, nani ana akili ya hesabu, nani akikasirika hunyamaza siku nzima. Nikiwalea hao vizuri, wao watawalea wale wengine. Tumezoea kudhani mfumo wa patroli ni anasa ya kundi dogo lenye vifaa, kumbe aliyezidiwa na wingi ndiye anayeuhitaji zaidi.

Kinachotukwaza ni kiranja. Mtoto wetu anapoambiwa kuwa yeye sasa ni kiongozi wa patroli, kichwani ana mfano mmoja tu wa mtoto anayeongoza watoto, nao ni kiranja wa darasa. Kazi ya kiranja anaijua vizuri: mwalimu akitoka, yeye anachana karatasi na kuandika majina ya wapiga kelele, mwalimu akirudi, anaikabidhi. Wenzake wanapigwa au wanafagia, yeye anakaa. Mamlaka yake yametoka juu na hesabu yake anaitoa juu. Wale anaowaongoza hawana la kumdai, na siku atakapokuwa mtu mzima mwenye ofisi, ataiendesha ofisi kwa namna ileile aliyoujulia uongozi akiwa darasa la tatu. Nimewaona viongozi wa patroli, siku ya kwanza ya kambi, wakitembea na karatasi na kalamu. Sikuwalaumu. Hakuna aliyewahi kuwaonyesha kingine.

Kiongozi wa patroli amewekwa mahali tofauti kabisa. Analala hema moja na wenzake na kula sufuria moja nao. Ugali ukiungua umeungua na kwake. Hema likipigwa bondeni na mvua ikanyesha, ataloa pamoja na yule aliyesema tangu jioni kwamba pale si pazuri. Hawezi kumshtaki mtu kwa mwalimu kisha akaenda kula kwingine. Anachoweza ni kushawishi, kugawa kazi kwa haki, kukubali kwamba alikosea, na kuanza yeye kuchota maji. Haya si mambo ya kuelezwa ubaoni. Mtoto huyaona mwenyewe pale tu panapokuwa na kitu halisi cha kupoteza.

Miaka kadhaa iliyopita tulipiga kambi ya siku tatu, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka soko la karibu. Kila patroli ilipewa shilingi 25,000, chakula cha siku moja cha watoto wanane, ikaambiwa iende sokoni yenyewe. Patroli moja ilikuwa chini ya msichana wa miaka 13, mkimya, mfupi kuliko wote aliowaongoza. Walirudi na unga, maharage, nyanya, vitunguu, na soda nane. Soda walizinywa njiani. Mafuta hawakununua, chumvi hawakununua, na fedha ilikuwa imekwisha.

Nilimwona akihesabu vitu juu ya turubai, mara ya kwanza, mara ya pili, kisha akainuka akaenda upande wa hema za jirani. Nikamhurumia. Nikaingia stoo, nikachukua chupa ya mafuta na pakiti ya chumvi, nikaviweka kwenye meko yao. Watoto walishangilia. Aliporudi na kuviona hakushangilia, na mimi nikachukulia kwamba ana aibu.

Usiku ndipo nilipoelewa, na aliyenieleza ni kiongozi wa patroli ya jirani. Yule msichana alikuwa amekwenda kwake, akamwambia wazi kwamba wamekosea hesabu, akaomba mafuta na chumvi, na kwa kuwa hakuwa na fedha akaahidi kwamba watu wake wataosha masufuria ya patroli zote mbili usiku ule. Wakakubaliana. Alikuwa anarudi kuwaambia wenzake habari ngumu: mtakula, lakini mtaosha vyombo vya wengine, kwa sababu ya soda. Akanikuta nimemaliza kila kitu kwa chupa moja.

Nimelifikiria jambo hilo kwa miaka. Ndani ya nusu saa mtoto yule alikuwa amegundua kosa bila kuambiwa, amelikiri mbele ya mtu ambaye angeweza kumcheka, ametafuta alichonacho cha kutoa wakati hana kitu, na alikuwa njiani kwenda kuomba ridhaa ya watu wake kwa mzigo ambao hawangeupenda. Nimehudhuria semina za uongozi za siku tano, zenye chai, vitafunio na vyeti, ambazo hazikumpa mtu hata kimoja katika hayo. Mimi nilimpokonya la mwisho, ambalo ndilo gumu kuliko yote, na nilifanya hivyo kwa wema. Hakuna adui wa uongozi wa vijana aliye hodari kama mtu mzima mwenye huruma na ufunguo wa stoo.

Kwa hiyo ninapoulizwa tuwafundishe nini vijana ili wawe viongozi, siku hizi naanza na walezi. Ujuzi unaokosekana uko kwetu. Ni ujuzi wa kuona kosa linakuja, kulipima kama litaumiza au litafunza, na likiwa la kufunza kuuma meno na kukaa mahali ulipo. Sikuzaliwa nao, na mwalimu aliyezoea kuwa jibu la kila swali huupata kwa shida sana.

Walioanzisha mafunzo ya walezi walilijua hili. Mwaka 1919 skauti wa Uingereza walipata shamba la Gilwell Park, ukingoni mwa London, na Septemba mwaka huohuo wakaendesha kozi ya kwanza ya beji inayoitwa Wood Badge, ile ambayo walezi wake huvaa shanga mbili za mti shingoni. Kinachonivutia katika kozi hiyo ni kwamba watu wazima wanaokuja kujifunza huwekwa wenyewe kwenye patroli. Mwalimu mkuu, karani wa benki na mchungaji hulala hema moja, hupokezana uongozi, hupika, huunguza, hugombana kuhusu kuni. Mtu aliyewahi kuongozwa na mwenzake asiyejua, akamvumilia mpaka akajua, hurudi kwa watoto na subira ambayo kitabu hakiwezi kumpa. Walezi wetu wengi hatujapitia hayo. Tumeteuliwa kwa sababu tulikuwa walimu wa zamu au tulipita Jeshi la Kujenga Taifa na tunajua kwata. JKT, tangu ilipoundwa mwaka 1963, ina kazi yake na nidhamu yake, nami naiheshimu. Lakini tukiihamishia nidhamu hiyo nzima kwa mtoto wa miaka 12, tunapata askari mdogo anayesubiri amri. Baden-Powell mwenyewe, aliyeishi jeshini tangu ujana wake, aliionya kwata kwamba inaua akili ya mtu binafsi.

Uongozi wa vijana unapokuwa wa kweli hutoka nje ya mipaka tuliyoiweka sisi. Septemba 1909, skauti wapatao 11,000 walikusanyika Crystal Palace, London. Wote walitakiwa kuwa wavulana. Katikati yao walitokea wasichana waliojiundia patroli, wakajitafutia sare na kuja bila kualikwa na mtu. Hakuna mtu mzima aliyewapanga. Mwaka uliofuata kukawa na chama cha Girl Guides chini ya Agnes, dada yake Baden-Powell, na kila binti anayevaa sare ya bluu ya girl guide Tanzania au Kenya leo anadaiwa shukrani na wasichana wale waliojialika.

Kisa kingine ni cha kwetu zaidi. Wakati wa ukoloni, serikali na wamisheni waliuleta uskauti barani Afrika wakitegemea utiifu, na mahali pengi waliutenga kwa rangi. Afrika Kusini wavulana weusi waliwekwa katika chama cha pembeni kilichoitwa Pathfinders. Lakini sheria ya nne ya skauti inasema kwamba skauti ni ndugu wa kila skauti mwingine. Vijana wa Kiafrika, wa Kenya wakiwamo, waliisoma sheria hiyo kama ilivyoandikwa, wakauliza ndugu gani huyu asiyeweza kupiga kambi na mimi. Kijana aliyekabidhiwa ahadi na sheria atazichukua kwa uzito kuliko aliyezitunga. Mlezi asiyetaka kuulizwa swali la namna hiyo asianzishe patroli.

Kenya ndiko Baden-Powell alikokwenda kuzeekea. Alifariki Nyeri tarehe 8 Januari 1941, na kaburi lake linatazama Mlima Kenya. Jiweni pamechongwa duara lenye nukta katikati, alama ambayo skauti huiacha mwishoni mwa njia kuwaambia wanaomfuata kwamba amekwenda nyumbani. Skauti wa Kenya nao wametuzidi kwa jambo moja dogo ambalo nalionea wivu: wamezipa ngazi za umri majina ya Kiswahili, Sungura, Chipukizi, Mwamba na Jasiri. Mtoto anayepanda kutoka Sungura kwenda Chipukizi anajua kwa jina lenyewe kwamba amekuwa mtu mwingine, na anayo haki ya kudai madaraka ya umri huo. Mwaka 2010 walipokea mkutano wa dunia wa maskauti vijana, Moot, wa kwanza kufanyika Afrika.

Sasa neno la tahadhari, maana najua kuna atakayesoma haya na kwenda kuwaacha watoto porini akisema anawajengea uongozi. Mahali pa mlezi ni pembeni, pale anapoweza kuona na kusikia. Kwangu mambo manne hayaendi kwenye kura ya watoto: maji ya mto, moto, dawa, na mtu mzima kuwa peke yake na mtoto. La nne ndilo zito kuliko yote. Februari 2020 chama cha Boy Scouts of America kiliomba hifadhi ya mahakama kwa kufilisika, na watu zaidi ya 82,000 wakajitokeza kudai kwamba walinyanyaswa kingono wakiwa watoto ndani ya chama hicho. Idadi hiyo sijawahi kuisoma bila kufikiria ni watoto wangapi kati yao walifundishwa kwamba skauti mwema hambishii mkubwa. Watu wazima wawili wawepo kila mahali, kila wakati. Hiyo ni kanuni. Lakini mtoto aliyezoea kukaa barazani na kumwambia mlezi wake kwamba amekosea ana kinga ambayo kanuni peke yake haimpi. Kwa sababu hiyo siwaelewi wanaotenganisha ulinzi wa mtoto na uongozi wa mtoto kama idara mbili.

Baraza ninalolisema ni kikao cha viongozi wa patroli zote. Kwetu hukaa kila Jumamosi saa nne asubuhi chini ya mwembe. Lina mwenyekiti, mwandishi na daftari. Ndilo linalopanga kambi, linalogawa fedha kidogo tuliyonayo, linalosikiliza patroli zinapogombana. Upande wa uchaguzi wa viongozi nimejaribu njia nyingi. Watoto wakichagua siku ya kwanza humchagua mkubwa wa mwili au mwenye pipi. Mwalimu akiteua, amezaa kiranja. Siku hizi patroli hukaa mwezi mzima kila mmoja akiongoza kazi moja, mmoja sokoni, mwingine jikoni, mwingine huduma ya kwanza, kisha wanachagua, na wakishaona mtu kazini huwa hawakosei sana. Muhula mmoja wa uongozi niliuona mfupi: mtoto anaondolewa ndiyo kwanza ameanza kusikilizwa. Sasa ni mwaka. Na kabla ya yote nakaa na viongozi hao wenyewe kama patroli yangu, nawafunza kuandika mahesabu, kusema na muuza duka aliye mkubwa kwao, na jinsi ya kumwambia mwenzako amefanya vibaya mkiwa wawili tu na si mbele ya wote. Roland Philipps, kijana aliyeandika kitabu kizima juu ya mfumo wa patroli kabla ya kuuawa katika mapigano ya Somme mwaka 1916, aliwataka walezi waanzie hapohapo, kwa viongozi, wengine wafuate.

Jumamosi iliyofuata ile kambi, nilifika barazani nikakuta wamekwishakaa kwenye duara. Nikavuta kiti changu mahali nilipozoea, karibu na mwenyekiti. Yule msichana wa soda, ambaye siku hiyo zamu ya uenyekiti ilikuwa yake, akasimama.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

"Samahani, Mwalimu, leo tunaomba ukae pale kwenye benchi. Tukikwama tutakuita."

Nikaenda kwenye benchi. Ajenda ya kwanza, iliyosomwa kwa sauti ili nami niisikie, ilikuwa stoo ya kambi. Walijadili karibu saa nzima. Mmoja alisema mwalimu ana haki ya kumpa chakula mtoto mwenye njaa. Mwingine akajibu kwamba hakuna aliyekuwa na njaa, walikuwa na maharage. Mwishowe wakaniita, nikasimama, nikasomewa uamuzi: mtu mzima hatatoa kitu stoo kuipa patroli yoyote kabla ya kumuuliza kiongozi wake, isipokuwa kuna mgonjwa au kuna hatari. Wakaniuliza kama nakubali.

Nikasema nakubali. Mwandishi akaandika kwa kalamu ya bluu, upande wa ndani wa jalada la daftari, na akanipa niweke sahihi chini ya zao.